Piter Jua Haidozi

Saa ya Njoro na saa ya St. Petersburg ni moja. Hiyo kitu hushtua wasee. Urusi ilirudisha saa zake nyuma Oktoba 2014, ikaacha kuzichezea, na tangu hapo Moscow na Piter, vile wenyeji huita St. Petersburg, zimekuwa sambamba na Nairobi. Kwenu ikigonga saa tatu usiku, kwetu pia ni saa tatu usiku. Tofauti ni kwamba kwenu giza imeingia kitambo, stima pengine imepotea mtaa wa Njokerio, watu wako ndani wamezunguka jiko. Huku msimu wa joto jua iko hapo kwa dirisha inawaka, na madogo wako nje wanacheza boli.

Sisi wa Njoro tumezoeshwa vibaya. Tuko karibu na ikweta, so jua ni mse wa kuaminika: inachomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, inazama saa kumi na mbili na nusu hivi, Januari mpaka Disemba. Saa za Kiswahili zenyewe zimejengwa juu ya hiyo amani. Sasa Piter iko digrii 60 kaskazini. Juni 21 jua inazama karibu saa nne na nusu usiku, na saa tisa na nusu inarudi kazini. Hapo katikati giza ya maana haifiki, mbingu inakaa tu rangi ya maziwa. Ukimwambia dame "tupatane jioni", hujui umesema nini.

Kudoz ndio ngori. Juni ikianza, mwili inachanganyikiwa. Unaosha vyombo, unacheki nje, unaona ni mchana, unafungua kitabu, halafu simu inakuambia ni saa saba usiku. Wasee wa hosteli hubandika foili ya jikoni kwa madirisha. Mimi huning'iniza leso ya mathe, na blanketi juu yake. Wenyeji nao hawajisumbui kulala. Disemba mchana wao haufiki masaa sita, na hata hiyo kidogo mawingu inaila, so Juni wanatoka wote. Mabibi wazee, wasee wa ofisi, mama anasukuma mtoto saa sita usiku kando ya mto. Kila mtu anadai jua yake ya miezi yote.

Na joto iko. Wastani wa Julai ni kama digrii 19, lakini kuna siku inagonga 30, na nyumba za huku zilijengwa kushikilia moto, si kuuachilia. Hapo ndio mbogi ya home inauliza barafu inanitesa aje. Wao wenyewe wamevaa marvin na jaketi mbili, juu Julai ile upepo ya Mau haina urafiki na mtu. Kati ya Juni na Agosti nyinyi ndio wa kuhurumiwa, walai.

Mimi nasomea kilimo Pushkin, mji mdogo kusini mwa Piter, nusu saa hivi na treni kutoka stesheni ya Vitebsky. Hiyo reli ndio ya kwanza ya abiria Urusi nzima, ilifunguliwa 1837. Zamani mji uliitwa Tsarskoye Selo, wafalme walikuwa wanakuja hapa kuchill msimu wa joto. Mwaka 1937 ukapewa jina la Aleksandr Pushkin, malenga wao mkubwa. Na hapa ndio kuna stori napenda kumwaga: babu ya mamake Pushkin, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika. Aliletwa akiwa mtoto, akalelewa kwa nyumba ya Petro Mkuu, akaishia kuwa jenerali. Ukipata buda amekukazia macho kwa treni, mpe hiyo stori kwa Kirusi chako kibovu. Mara nyingi anacheka. Kuna mmoja alinipea tango.

Si ati sisi ndio wa kwanza. Chuo cha Patrice Lumumba kilifunguliwa Moscow 1960, na Jaramogi Oginga Odinga alituma vijana wengi upande huu enzi hizo. Kisumu ile hospitali kubwa iliyojengwa na Wasovieti bado wasee wanaiita "Russia". Siku hizi ni skolaship ya serikali yao: unaomba kwa intaneti, ukibahatika unaanza na mwaka mzima wa kusoma lugha tu, mdomo ikiuma.

Sasa wacha nikupe stori ya maji, juu hiyo hakuna agenti atakuambia.

Miji mingi ya Urusi haina hita kwa kila keja. Kuna mitambo mikubwa inachemsha maji ya mtaa mzima, halafu mabomba inapita chini ya barabara mpaka kwa bafu yako, na baridi ikifika inapasha pia vile vyuma vya ukutani. Hiyo mabomba lazima ijaribiwe kabla ya baridi, na hakuna wakati mwingine ila msimu wa joto. So kila nyumba inakatiwa maji moto. Piter inaweza fika siku 14. Ratiba iko wazi, unatafuta anwani yako, unaona tarehe, unanyamaza. Profesa, mwanajeshi, bibi wa miaka tisini, wote wanakatiwa.

Siku ya kwanza korido yetu ilikuwa sinema. Wasee wamesimama na mataulo mabegani wanaangaliana. Mmoja amepiga mayowe bafuni, ametoka na povu kichwani. Mwingine anapiga hesabu ya kulipia jimu ya mwezi mzima ndio aoge tu. Mimi nikatoa sufuria. Nikachemsha, nikachanganya kwa beseni, nikachukua jagi, dakika tano niko fresh na nimebakisha maji ya kuosha soksi. Mtu amewahi kaa ploti ya Njokerio, maji inakuja ikijisikia, unaoga kabla klasi ya asubuhi na baridi imeshika mbavu, huyo Urusi haimwezi kwa bafu. Jioni hiyo nilikuwa nakodisha beseni. Malipo ilikuwa dishi.

Hata bibi wa mlangoni aliona. Wanaitwa vakhtyor, na hao ndio serikali ya kweli ya hosteli: anajua umeingia saa ngapi, umeingia na nani, na mfuko ilikuwa na nini. Nikampita na beseni, akaniangalia juu mpaka chini, akasema "molodets", yaani umefanya vizuri kijana. Tangu hiyo siku nikichelewa ananguruma kidogo tu, halafu anafungua.

Kitu nilikuwa sijapanga ni mbu. Njoro baridi inawafukuza, mimi nimekua bila neti. Kumbe Petro Mkuu alianzisha huu mji 1703 juu ya kinamasi, pale mto Neva inamwagika baharini, na mbu hawajawahi kuhama. Wanazaana mpaka chini ya magorofa. Nimetoka Afrika nikaja kununua dawa ya mbu Ulaya. Ukimaliza hao, kuna pukh, ile pamba nyeupe ya miti ya poplar. Juni inajaa hewani, inaingia kwa pua, inaingia kwa chai, inajikunja kando ya barabara. Nikatuma picha home, mtu akajibu, "Si ulisema hakuna barafu?"

Dishi nayo. Iko supu yao ya msimu wa joto inaitwa okroshka, na ni baridi. Matango, viazi, mayai, soseji, vyote vimekatwa vidogo, halafu wanamwagia kvas, kinywaji ya mkate uliochachuka. Mara ya kwanza nilidhani mpishi amekosea. Kuna ingine ya kefir, na hiyo ndio nakushauri. Mtu amelelewa na mala na mursik haoni shida hapo. Ukrop, haya majani yenye harufu, wanatupa kila mahali, hata kwa krispi. Ugali inapatikana: unga ya mahindi iko supa, lakini ni ya njano na imesagwa laini, so inashikana mos mos, unasonga mpaka bega inakataa. Sukuma sahau, kabichi inashikilia boma. Shashlik ndio nyama choma ya huku. Ni fiti, lakini wanailoweka na siki na vitunguu usiku mzima mpaka nyama inasahau ilikuwa mnyama gani. Mbuzi ya Njoro haihitaji hizo drama zote.

Wikendi tunaingia mjini. Pale ngome ya Petropavlovka kuna ufuo, na Warusi wakiona jua hawangoji mchanga upatikane. Wanasimama wima wameegemea ukuta wa ngome, nguo wametoa, macho wamefunga, mikono kando, kama watu wamepigwa msako na sanse. Mimi nikikaa kwa kivuli wanashangaa. Bibi mmoja aliniuliza kwa upole kama jua haijanimaliza. Nikamwambia tuliagana na jua kitambo, kila mtu akae upande wake.

Usiku kila mtu anaenda kwa madaraja. Kuanzia saa saba usiku hivi, madaraja makubwa ya Neva yanakatika katikati na kuinuka ndio meli zipite. Watu wanapiga makofi, wasee wa gitaa wako kazini, maboti yanapiga honi. Inabamba, sikatai. Lakini metro imefungwa tangu saa sita, na daraja ikishainuka, kama uko upande mbaya wewe ni wa huko mpaka karibu saa kumi na moja asubuhi. Mwisho wa Juni kuna Alye Parusa, sherehe ya wenye wamemaliza shule, meli ya matanga mekundu inapita kwa mto na fataki juu yake. Sisi tukimaliza form four tulichorana mashati na kalamu, tukaenda home na mguu.

Si sherehe tupu, na sitaki kukuchezea. Ukitafuta keja ya kukodisha, utapata matangazo imeandikwa wazi kwamba wanataka Waslavu pekee. Kuna macho, kuna wenye wanakupiga picha bila kuuliza, kuna karao anataka karatasi zako kila ukishuka kwa metro, so pasi na usajili unatembea nazo hata ukienda kununua mkate. Wakongwe wa hapa hawajasahau 2006, wakati mwanafunzi Msenegali alipigwa risasi akitoka klabu usiku, hapa hapa Piter. Miaka hiyo makundi ya vijana wa vichwa vipara walikuwa wanawinda watu weusi. Mambo imetulia ukilinganisha na enzi hizo, lakini wakongwe bado wanatuambia tutembee watatu watatu, na usiku hata ikiwa nyeupe ni usiku.

Halafu kuna doh. Klasi zikifungwa, msoto unafunguka. Visa na Mastercard ziliacha kazi Urusi Machi 2022, kadi ya home huku ni ya kukwangulia barafu. Mathe hawezi kunitumia kitu moja kwa moja. Kazi inaruhusiwa: tangu 2020 mwanafunzi wa kigeni wa chuo cha kutwa anaweza kufanya kazi bila kile kibali kingine. So wasee wanafunza madogo Kiingereza, wanaosha sufuria kwa hoteli, madame wanasuka. Inalipa dishi na nauli.

Na hapo ndio wanakuja wale wengine. Hapa punguza kasi kidogo, buda, soma vizuri. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilieleza vile madame wa Kiafrika wa miaka 18 hadi 22 walipewa tikiti ya bure na ahadi ya kazi na masomo, ya hoteli na upishi, kumbe wakifika Yelabuga kule Tatarstan wanaunda droni za vita kiwandani, wanashika kemikali zinachoma ngozi. Maboyz nao wanaambiwa kazi ya usalama, ya udereva, ya kupika. Novemba 2025 Musalia Mudavadi, waziri wetu wa mambo ya nje, alisema Wakenya zaidi ya 200 walikuwa wameingizwa kwa jeshi la Urusi. Mkataba huwa ni wa Kirusi na unawekewa kalamu siku unashuka ndege. Mimi nimekaa darasani mwaka mzima nikijifunza hii lugha na bado karatasi ya serikali nasoma na kamusi. Mtu ametoka Njoro jana anasainije? Kazi inalipa mara kumi ya kuosha sufuria, haina intavyu, na tikiti wanakununulia wao: hapo wewe ndio bidhaa. Kama uko Nakuru na kuna agenti anakupigia na hiyo form, muulize tu akuandikie jina la mji utashukia. Wengi hukata simu.

Tuache hayo. Ijumaa jioni ndio napenda Urusi zaidi, juu mji unahama. Treni inajaa ndoo, miche ya nyanya, paka kwa vikapu, wazee na mapanga. Wanaenda dacha. Watu hudhani dacha ni jumba la kifahari, kumbe ya kawaida ni ile serikali ya Kisovieti ilikuwa inagawia wafanyakazi: sotka sita, mita za mraba 600. Piga hesabu. Hiyo ni ploti ya hamsini kwa mia na zaidi ya robo juu yake. Hapo kuna kibanda cha mbao, banya ya kuogea mvuke, na kila inchi inayobaki imepandwa. Waru, karoti, vitunguu, kabichi, stroberi. Niliingia geti nikasimama. Nilikuwa Kihingo, kule kwetu Njoro.

Mwalimu mmoja alitualika kwa dacha ya mamake. Babushka akaniangalia, akaona mtoto wa mjini, akanipatia kazi ya kubeba maji. Nikaomba jembe. Jembe lao lina mpini mrefu na chuma kadogo, unalima umesimama wima. Kuinama kama sisi hawajui. Nikainama nalo hivyo hivyo, nikapandishia waru mchanga mstari baada ya mwingine. Babushka aliacha kuongea. Baadaye akaniuliza Afrika kuna viazi. Nikamwambia home tunakula Shangi, na hiyo mtaa yetu ngano yake inajaribiwa na dunia nzima.

Na si kujigamba. Kutu ya ngano yenye ilionekana Uganda mwisho wa miaka ya tisini, ile Ug99, ilitisha wataalamu kila kona, na shamba la utafiti la KALRO Njoro ndio limekuwa likipandwa mbegu za nchi nyingi tangu 2005 kuona gani itasimama. Piter nao wana yao. Nikolai Vavilov alizunguka dunia akikusanya mbegu, alifika hata Ethiopia 1927 kuangalia ngano. Taasisi yake bado iko pale uwanja wa Isaakiy. Wajerumani walipozingira mji kuanzia 1941, wafanyakazi wake waliokoa viazi vya majaribio kutoka Pavlovsk, kilomita chache kutoka hapa nasoma, mabomu yakianguka. Halafu baadhi yao walikufa njaa wakilinda magunia ya mchele na ngano ambayo hawakugusa. Vavilov mwenyewe alikuwa jela, alifia huko 1943. Na leo Kenya inanunua ngano nyingi kutoka Urusi. Hiyo chapo unamanga Njoro, pengine nusu yake ni jirani yangu.

Babushka hajali hizo stori. Yeye adui yake ni mdudu wa Kolorado, mwenye mistari mgongoni, anakula majani ya waru. Tunamtoa na mkono mmoja mmoja, tunamtupa kwa kopo ya maji ya chumvi. Mathe alipoona kwa picha alishukuru Mungu hatuna huyo.

Lakini Agosti ikaja na mvua, na majani ya waru yakaanza madoa ya kahawia. Babushka akasema "fitoftora", akatema mate kando. Nikapigia mathe, na VPN, juu tangu Agosti 2025 simu za WhatsApp huku zimebanwa. Picha inakatikakatika. Nikageuza simu kwa majani. Hakungoja tafsiri.

"Hiyo ni blaiti. Mwambie ang'oe yenye imeshikwa, halafu apige Ridomil kabla mvua irudi."

Babushka akashika hiyo neno moja, Ridomil. Akaingia kibandani, akatoka na pakiti, jina ni hilo hilo kwa herufi za Kirusi, akaibandika kwa skrini. Basi wakaanza kubonga, mmoja Kikuyu, mwingine Kirusi, mimi katikati sina kazi. Mathe akauliza debe huko ni pesa ngapi. Nikamwambia huku wanauza na ndoo kando ya barabara. Akauliza kama hiyo ndoo iko na lumbesa.

Nikatafsiri vile niliweza. Babushka akachukua ndoo, akaijaza waru mpaka juu, akaongeza, akaongeza tena mpaka zikaanza kubingirika chini kwa miguu yangu, akaiinua mbele ya simu akicheka.

"Eh!" mathe akasema. "Kumbe mabroka wako huko pia." Na simu ikakatika.